Pembeni mwa Kitabu cha Ubatizo

Misa ya pili ilikuwa imekwisha, na mbele ya kathedrali ya Petro na Paulo watu walibanana. Gauthier Kalenga, shati jeupe na penseli sikioni, alikuwa akirudi kinyumenyume, macho juu kwenye mnara. Akamkanyaga Myriam kiatu kipya.

"Papa! Weye unaangaliaka wapi?"

"Matofali, mama. Wabenedikto balijenga muzuri sana, njo bo balifanya nikukanyage."

Myriam alicheka, na kicheko hicho kilimponza. Gauthier alikuwa msanifu majengo, aliyeletwa kuichora upya kathedrali hiyo ya miaka mia moja. Kila siku alipima matao na kuta, kisha akapitia ofisi ya parokia, alikofanya kazi Myriam, kumsifia kitenge chake. Jioni alipiga simu: "Chérie, umekula?" Mwezi mzima hivyo.

Lakini Myriam hakuwa mtu wa kumeza utamu bila kuuonja kwanza. Mwanamume wa miaka arobaini, mcheshi, msafi, halafu hana mke? Gauthier alikuwa amemwambia kwamba alibatizwa katika kathedrali hiyohiyo. Asubuhi moja Myriam akafungua kitabu cha ubatizo, akalitafuta jina. Pembeni, mahali mapadri wanapoandika ndoa ya kila aliyebatizwa, palikuwa na mstari mmoja: alifunga ndoa mjini Pweto, na Dorine Ngosa.

Hakumuuliza mtu. Aliacha tu kupokea simu, akalia chooni siku nne. Siku ya tano Gauthier akaingia ofisini.

"Chérie, juu ya nini hauitike?"

"Muulize Dorine."

Gauthier akatupia jicho kitabu cha ubatizo mezani. "Ulifungua registre?"

"Nilifungua! Na weye ulinificha bibi!"

"Dorine alikufa, Myriam. Miaka sita sasa. Pale pembeni banaandikaka ndoa. Kifo habaandikake." Akatoa karatasi mfukoni, cheti cha kifo cha Dorine. "Nilikuwa na woga wa kukuambia. Leo nilileta hii, juu padri ataiomba, kama unakubali nikuoe."

Mwingine angemrukia shingoni kwa furaha. Myriam aliichukua ile karatasi, akaisoma, akakagua muhuri, akaigeuza nyuma, akairudia tarehe. Ndipo alipomwona Gauthier bado amesimama mbele ya meza, akimngoja amalize, na Myriam akashikwa na aibu.

Akamsogezea kiti.

"Ikala. Padri tutamuona kesho. Kwanza unielezee Dorine, alikuwaka muntu wa namna gani."