Picha ya Alama Tisa

Jambo la bamba sijapata wa kunieleza mpaka leo. Nimewauliza mafundi wa umeme, nimemuuliza imamu mmoja na mchungaji mmoja, na kila mmoja amenijibu kwa kadiri ya kazi yake. Bamba lenyewe, lile la mashine ambalo mama huwekea titi lipigwe picha, lilikuwa la chuma. Lilikuwa limekaa usiku kucha katika chumba kisicho na jiko, mwezi wa Julai, wakati baridi ya Nairobi inapoingia hadi ndani ya kuta, na swichi kubwa ilikuwa imezimwa. Hata hivyo, Jumanne ile asubuhi Bi Muhiba alipoliwekea viganja alikuta lina joto. Halikuwa joto la mashine. Lilikuwa lile mtu analoliacha kitini anaponyanyuka.

Chumba kilikuwa nyuma ya kliniki ndogo ya hisani, pale Shauri Moyo inapopakana na Gikomba, mahali ambapo nyundo za mafundi wa mabati hulia kutwa. Wafadhili walikuwa wameleta mashine ya eksirei ya matiti, ya mtumba lakini nzima, na Bi Muhiba, mzaliwa wa Pumwani aliyepiga picha za mifupa miaka kumi na tisa, akapewa kazi ya kuwafundisha wanafunzi wanne kuitumia, kila Jumanne na Ijumaa.

"Mfupa hauoni haya," aliwaambia siku ya kwanza. "Aliyevunjika mguu atakuonyesha mguu. Huku mama anakuvulia nguo aliyojistiri nayo tangu usichana wake. Basi usiwe na haraka, na usiwe na mikono baridi."

Kwa mazoezi walihitaji wanawake wa kweli, na wanawake wa mtaa walijitolea. Walipigwa picha, wakanywa chai ya maziwa na mkate, wakaenda zao. Picha hizo hazikupelekwa kwa daktari, kwa kuwa zilikuwa za darasa. Bi Muhiba mwenyewe ndiye aliyezitazama na kuzipa alama: titi limevutwa vyema, ngozi haina kunyanzi, weusi umekolea. Ugonjwa hakuutafuta. "Sisi tunapiga, daktari anasoma," ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo alivyofundisha.

Picha bora kuliko zote ilibandikwa kwenye kisanduku cha taa ukutani, na pembeni yake imeandikwa kwa kalamu ya nta: tisa kwa kumi. Aliyeipiga alikuwa Kavata, binti mnyamavu aliyepanga chumba papo hapo Shauri Moyo. Tangu Novemba ya mwaka uliopita, 1985, kila somo lilianzia kwenye picha hiyo.

"Guseni bamba," Bi Muhiba aliwaambia Jumanne ile.

Waligusa mmoja mmoja.

"Madam, kuna mathe ametushinda kuamka," alisema Phares, kijana wa Donholm ambaye mdomo wake haukujua kupumzika. "Amejipiga picha, ameenda zake."

"Phares, nitakupiga wewe picha ya kichwa, tuone kama kuna kitu ndani."

Walicheka. Kavata hakucheka. Aliondoa kiganja chake upesi na kukificha mfukoni mwa koti.

Ijumaa ilikuja harufu. Chumba kile siku zote kilinuka siki, kwa sababu ya dawa za kuoshea filamu, lakini asubuhi hiyo siki ilikuwa imefunikwa na kitu kingine: katani mbichi, na rangi iliyochemshwa. Phares aliinama chini ya meza akitafuta mfuko ulioachwa.

"Kama Gikomba, kwa wauza viondo," alisema. "Nani ameleta kiondo?"

Hakuna aliyekuwa ameleta kikapu.

Kabla ya kumpokea mama yeyote, desturi ilikuwa kupiga picha donge la nta ili kuijaribu mashine. Phares alilipiga, akachukua filamu, akaingia nayo chumba cha giza na kufunga mlango. Alikuwa ameingia humo mara mia, akijua kwa vidole beseni lilipo na koleo lilipo, na alikuwa akiimba kwa mluzi chini ya ile taa nyekundu isiyomulika zaidi ya upana wa mkono, alipomsikia mtu nyuma yake akivuta pumzi, pumzi ndefu ya mtu aliyeambiwa aivute, akaacha mluzi na kungoja, kama ambavyo mtu yeyote angengoja, pumzi ile itoke, akahesabu moyoni bila kutaka mpaka kumi, mpaka ishirini, mpaka kifua chake mwenyewe kikaanza kuuma kwa kuwa naye alikuwa ameacha kupumua, na pumzi haikutoka.

Alitoka akiwa na filamu inayochuruzika maji, uso umepauka.

"Madam," alinong'ona. "Kuna mtu humo."

Hakukuwa na mtu. Bi Muhiba aliichukua filamu na kuiweka kwenye kisanduku cha taa. Ilipaswa kuonyesha donge la nta. Ilionyesha titi la kushoto, limevutwa vyema, ngozi haina kunyanzi. Waliilinganisha na picha ya alama tisa iliyokuwa kando yake. Hazikutofautiana hata kwa unywele.

"Filamu imetumika mara mbili," alisema Bi Muhiba. Alifungua boksi jipya, akapiga donge mwenyewe, akaingia chumba cha giza mwenyewe. Alikaa humo muda mrefu kuliko kawaida. Alipotoka hakuwaonyesha filamu. Aliwapa ruhusa waende nyumbani, na wanawake waliokuwa barazani aliwaomba radhi.

Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, alimleta Ruqiyo. Ruqiyo alikuwa jirani yake Pumwani, mama mnene mwenye magoti mabovu, ambaye asubuhi aliuza mahamri na jioni aliwasomea wagonjwa. Alifika na chetezo kwenye mfuko wa plastiki, akilalamika.

"Muhiba, ungeniambia kuna ngazi ningekuja na mbebaji." Kisha akanusa, na malalamiko yakaisha.

Aliwasha ubani na kujifungia chumba cha giza. Wanafunzi walisimama wamebanana mlangoni. Walimsikia akisoma, wakamsikia akiuliza, wakamsikia akinyamaza. Alipotoka aliketi kwenye kiti cha wagonjwa na kujifuta uso kwa ncha ya leso.

"Nimemsalimu, kimya. Nimemtajia wakubwa wa majini, kimya. Jini angejibu, japo kwa matusi. Huyu hata hanitazami. Amesimama tu, uso ameugeuzia ukuta, ameshika pumzi." Aliwatazama mmoja mmoja. "Nani kamwambia ashike?"

"Sisi, mama," Phares alisema kwa sauti ndogo. "Tunawaambia wote. Akitikisika, picha inaharibika."

"Halafu?"

"Halafu tunawaambia: pumua."

Kavata aliketi sakafuni pale pale aliposimama.

"Mimi sikumwambia," alisema.

Wote walimgeukia.

"Mwaitu Nthoki. Mama Nthoki, jirani yangu, msuka viondo. Nilimleta mimi, alikuwa mama wa kwanza kunipa mwili wake nimpige picha. Nikamwambia shika pumzi, nikabonyeza, na kwa furaha nikakimbilia chumba cha giza na filamu. Niliporudi nilimkuta bado amebanwa kwenye mashine, uso ameugeuza, ananingoja. Alicheka tu. Akasema, wui, mwanangu, chuma chenu kina baridi, wanaokuja wapashieni moto."

Bi Muhiba alikumbuka. Ni siku ile alipoanza kuwaagiza wapashe bamba kwa viganja.

"Yuko wapi sasa?" aliuliza, ingawa sauti yake ilikuwa imekwisha kujua.

"Tulimzika Mei, Machakos."

"Alikuwa na nini?"

Kavata aliweka mkono kifuani, upande wa kushoto.

Bi Muhiba alikiendea kisanduku cha taa. Kwa miezi minane alikuwa ameielekezea kijiti picha ile, akionyesha ukingo wa titi, msuli, weusi uliokolea. Sasa aliitazama kama mtu asiyejua kitu, kama mke wa jirani aliyeingia kuomba chumvi. Ndani, karibu na msuli, palikuwa na doa jeupe dogo lenye miiba, mfano wa mbigiri. Halikuwa limejificha. Alama yake, tisa kwa kumi, ilikuwa imeandikwa upana wa vidole viwili kutoka hapo.

"Aliniuliza," alisema. "Akiwa anakunywa chai. Mwalimu, picha imetoka vizuri? Nikamwambia, imetoka vizuri sana, mama."

Hakuna aliyemlaumu. Ruqiyo alimwinua Kavata kwa mkono. "Nenda kamalize ulichoacha."

Kavata alikwenda mpaka kwenye mashine, akasimama mahali pa mpigaji.

"Pumua, mwaitu," alisema.

Kutoka chumba cha giza ilitoka pumzi. Ilikuwa ndefu kuliko kifua cha mtu, ikatawanya moshi wa ubani, ikatikisa filamu zilizoning'inia, na ilipokwisha, harufu ya katani ilikuwa imekwisha pia. Nje nyundo za Gikomba ziliendelea. Phares alikuwa akilia bila kujificha.

Bi Muhiba aligusa bamba. Lilikuwa bado lina joto.

Waliamua hapo hapo, kabla ya kuzima taa. Picha zote za mazoezi, thelathini na moja, zisomwe na daktari. Kuanzia siku hiyo pasiwe na picha ya darasa tu. Na mtu aende kwa Syombua, binti wa Nthoki, amweleze.

"Tuandike barua," Phares alisema.

"Nitaenda mimi," Kavata alisema. "Niliyepiga ni mimi."

"Wewe ulipiga vizuri," Bi Muhiba alimjibu. "Mwenye kutazama nilikuwa mimi."

Daktari alikuta madoa kwa wanawake wawili. Kavata ndiye aliyewatafuta kwa miguu, mmoja Muthurwa, mmoja nyumba ya tatu kutoka kwake, akawapeleka hospitali kuu na kukaa nao kwenye foleni.

Jumamosi, Bi Muhiba alibisha mlango Shauri Moyo akiwa na bahasha ya kaki kwapani. Syombua alifungua akiwa na kiondo ambacho hakijakwisha mkononi, nyuzi za katani zikining'inia. Bi Muhiba alisimama kizingitini na kueleza yote bila kujitetea. Alipomaliza, Syombua aliweka kiondo chini. Kisha alisogeza kigoda karibu na dirisha.

"Keti, mama," alisema. "Nionyeshe ni wapi."

Bi Muhiba alitoa picha kwenye bahasha, akaiinua kwenye mwanga, akamwonyesha.