Yamebaki Majani Kumi na Moja

Mimi siogopi kitu, ulizia mtaa mzima. Fisi wakiniona wananipisha njia. Sasa hili lilinikuta kwa mama mdogo, saa nane mchana, jua linawaka mpaka bati linalia.

Dada yake, mama mkubwa, alikufa akimfumia bintiye skafu ya harusi. Skafu ndefu, nyeupe, matundumatundu, nakshi ya majani yamepandana toka ncha hadi ncha. Aliiacha nusu. Mama mdogo akaapa ataimaliza.

Kila akimaliza jani, anapitisha uzi mwekundu kwenye mishono, ili akikosea mbele afumue mpaka hapo tu. Siku hiyo nimemkuta kakaa, kachoka kweli.

"Mwanangu, jana uzi mwekundu niliuacha jani la arobaini. Nimeamka, juu yake kuna mengine matatu."

"Si umesaidiwa? Gereji kwangu nati zingejifungua zenyewe, ningechinja ng'ombe kumi!"

"Cheka tu. Nalala kama gogo, naamka hoi kama niliyebeba nyumba."

Vidole vimemvimba. Kakonda, ukimmulika tochi unaona ukuta wa nyuma. Daktari kasema akiendelea hivi moyo utasimama. Apumzike. Apumzike vipi tena?

Nikajitia shujaa. "Lala, mama. Nakulinda."

Akalala palepale kitini. Nikaenda jikoni kubandika chai, nikarudi na kikombe.

Alikuwa anakoroma. Na mikono inafuma.

Sindano tik, tik. Macho kafumba. Kazi yote inafanywa na mkono wa kushoto, na mishono inatoka legelege. Mama mdogo hukaza. Nyumba ile mtu wa shoto alikuwa mmoja tu. Tulimzika.

Kikombe kikanitoka. Hakushtuka.

Damu ikachuruzika kidoleni. Mikono haikusimama.

"Mama mkubwa," nikanong'ona. "Utamuua mdogo wako."

Mdomo wa aliyelala ukafunguka kidogo.

"Hata mimi nimechoka, baba. Yamebaki kumi na moja."

Mimi na mdomo wangu! "Basi mwachie. Chukua mikono yangu."

Sindano zikatulia. Nikabeba skafu na kapu la kufumia, nikaenda navyo kwangu.

Mama mdogo alilala mpaka kesho yake, akaamka anadai chakula. Siku ya tano skafu ilikuwa mezani kwangu, imekwisha, imekunjwa. Harusini dada, yule binti wa marehemu, aliivaa, watu milioni nzima wakaisifu.

Sijawahi kushika sindano mimi. Lakini kidole changu cha shahada kimechimbika mfereji mwembamba, upana wa uzi.

Mwezi umepita. Bado naamka hoi. Leo asubuhi, chini ya mto, nimekuta soksi ya kichanga. Nyeupe, ina majani. Nikampigia dada, najichekesha:

"Bibi harusi, kuna habari gani huko?"

Nikasikia anafunga mlango.

"Nani kakwambia?" akanong'ona. "Nimepima sasa hivi. Hata mume wangu hajui."

Nikakata simu. Vidole vinaniuma.

Soksi ya pili imefika kisigino.