Mtoto Asiyeshtuka

Kila asubuhi ilikuwa vile vile. Fundi wa nguo alifungua mlango wa chumba chake cha mbele, akafuta cherehani, akamlaza binti yake mchanga kwenye kapu. Mtoto wake mkubwa, wa miaka miwili, alikaa sakafuni na bakuli la uji. Walimwita Mheshimiwa kwa sababu ya amri zake. Akishiba alisukuma bakuli na kusema, "Toa!" Basi Fundi alimalizia uji ule kwa kijiko kile kile. Chakula nani amwage?

Alifanya hivyo mimba nzima ya binti huyo. Sasa wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa na mimba ya miezi mitatu. Alikuwa akimsaidia kazi, na siku hizi uji wa Mheshimiwa aliumalizia yeye.

"Huyu mtoto mpole jamani!" wifi alisema akichungulia kapuni. "Cherehani inanguruma, yeye wala! Kaka yake alitukesheza mwezi mzima."

Fundi alicheka. Alijivunia upole ule, maskini.

Siku hiyo mkunga wa zahanati ya jirani alikuja kuchukua sare yake. Alikuwa akijitazama kwenye kioo. Mara huko nje, paa! Cheche, mchomelea vyuma wa mlango wa pili, alikuwa ameangusha geti zima. Wifi alipiga yowe. Mheshimiwa alimwaga uji. Mkunga alijishika kifua.

Mtoto alikuwa macho, anatazama dari. Hakushtuka hata kidogo.

Fundi akainama, akapiga makofi karibu na sikio lake. Kimya. Akapiga tena.

"Ana siku ngapi?" mkunga aliuliza.

"Kumi na tisa."

"Alipimwa masikio alipozaliwa?"

"Hapana. Walisema mashine ni mbovu."

"Basi leo hii twende hospitali kubwa."

Wifi aliruka. "Mama Mkunga, usituchulie mtoto! Akue kwanza. Akifika miezi mitatu tutaona."

"Miezi mitatu tutakuwa tumechelewa," mkunga alisema. "Kuna kirusi kinaitwa saitomegalo. Kinaweza kumpata mtoto akiwa bado tumboni. Wengine hakiwadhuru. Wengine kinawaharibia masikio, au ubongo wakati bado unajengeka. Mkojo au mate yake yapimwe kabla hazijapita siku ishirini na moja tangu azaliwe. Zikipita, ni vigumu kujua kama alizaliwa nacho au alikipata baadaye. Na dawa, kama anaihitaji, huanzwa mapema."

Fundi hakungoja aambiwe mara ya pili. Aliacha suruali ya mteja kwenye cherehani, mguu mmoja umeshonwa na mmoja bado.

Majibu yalitoka baada ya siku chache. Kirusi kilikuwemo. Sikio la kushoto halikusikia kabisa. La kulia lilisikia kidogo. Picha ya kichwa ilionyesha alama ndogo kwenye ubongo. Daktari aliandika dawa ya miezi sita, na damu ipimwe mara kwa mara.

"Nisikudanganye, mama," daktari alisema. "Dawa haitarudisha kilichopotea. Inaweza kusaidia kulinda kilichobaki."

Fundi alikaa kwenye benchi la nje akalia. Wifi na mkunga walikaa naye.

"Nilikipata wapi? Mimi sikuumwa!"

"Wengi hawaumwi," mkunga alijibu. "Au wanadhani ni mafua. Watoto wadogo wanakaa nacho miezi mingi kwenye mate na mkojo, na wanacheza kama kawaida. Labda ni kijiko cha Mheshimiwa. Labda ni nepi. Siwezi kuapa."

"Kwa hiyo ni mimi! Ningeuacha ule uji!"

"Nani alikuambia uuache? Hakuna. Ulikuja kliniki kila mwezi, na mimi sikukwambia. Lawama hiyo nipe mimi."

Wifi alikuwa ameshika tumbo lake. "Na mimi je?"

"Usimalizie chakula chake wala kinywaji chake. Mbusu kichwani, mdomoni acha. Ukibadilisha nepi au ukifuta udenda na kamasi, nawa kwa sabuni. Lakini usimkimbie mtoto. Mkumbatie utakavyo."

Tangu siku hiyo kijiko na kikombe cha Mheshimiwa vilifungwa uzi mwekundu. Shangazi yake akisogea tu, alifoka, "Changu!" Wifi akajifungua mvulana. Walimpima, akaonekana mzima, na kelele zake mtaa mzima ulizijua.

Binti wa Fundi alichelewa kukaza shingo. Kila siku mama yake alimnyoosha na kumfanyisha mazoezi kama walivyomfundisha hospitalini. Alizungumza naye uso kwa uso, na kwa mikono pia. Binti alipofika miezi saba, alivishwa kifaa cha kusikilizia kwenye sikio la kulia.

Kesho yake, huko nje, paa!

Binti aliruka mikononi mwa mama yake. Macho yalimtoka, midomo ikatetemeka, akaangua kilio.

Cheche alikuja mbio, mikono imejaa masizi. "Nisamehe, Mama Mheshimiwa! Bomba limeniponyoka. Nimemliza mtoto!"

Fundi alimkumbatia binti yake. Alikuwa anacheka na machozi yanamtiririka.

"Angusha tena, Cheche," alisema. "Nakuomba, angusha tena."