Mayai ya Chatu Hayageuzwi

Duka la vifaa vya umeme lilikuwa limefurika watu, na taa nyekundu ya joto ilibaki moja tu rafuni. Mikono miwili iliishika kwa pamoja: mmoja wa mwanamume mrefu aliyevaa shati lililopigwa pasi upande mmoja, mwingine wa mwanamke mwenye gauni la njano na unyoya wa kuku ulionasa kwenye kitambaa cha kichwa.

"Kaka, niachie. Nina vifaranga wanatetemeka."

"Na mimi nina chatu."

Mwanamke alicheka mpaka muuzaji akageuka. "Basi mimi na wewe hatuwezi kuwa majirani!"

Mwanamume alimwachia taa, akapewa namba ya simu.

Tangu hapo simu yake, iliyozoea kulala kama gogo, haikutulia.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula."

"Na mawifi zangu wasio na miguu?"

Mfuga chatu alijikuta akicheka peke yake jikoni. Miaka yote aliyozalisha chatu katika chumba cha nyuma, hata dada yake wa kuzaliwa naye alimsalimia akiwa getini. Mfuga kuku aliingia mpaka ndani, akavuta kiti mbele ya kizimba cha kioo cha chatu. Chatu jike alipotaga, mwanamke alikuwepo. Alimwona mpenzi wake akiyapanga mayai kwenye mashine ya kutotoleshea, kila yai na alama ya penseli juu yake. Hakuuliza ni za nini, wala hakuambiwa.

Siku iliyofuata mwanamume alimwachia ufunguo, akatoka kununua panya wa kulisha. Aliporudi alimkuta amekunja mikono ya gauni, uso umejaa tabasamu.

"Nimekugeuzia mayai yote, laazizi. Ulikuwa umeyasahau."

Yai la kuku lisipogeuzwa huharibika. La chatu likigeuzwa, kitoto kilichoshikamana na upande wa juu huweza kufia humo humo. Alama zote zilikuwa chini.

"Nani kakutuma?" alifoka. "Ndiyo maana nilikuwa naishi peke yangu!"

Ulimi hauna mfupa. Mwanamke aliweka ufunguo mezani, akavaa viatu vyake, akaufunga mlango taratibu.

Mwanamume aliyarudisha mayai moja moja, alama juu. Wiki zikapita. Alifuta vioo, alilisha, alikaa mbele ya mashine, na hakuna aliyemuuliza kama amekula. Nyoka hana sauti. Nyumba ilikuwa kimya mpaka akawa anawasha redio asiyoisikiliza. Kosa lilikuwa lake, alilijua, maana alama zile hakuzieleza. Lakini alijiambia: yakianguliwa, nitampigia.

Alasiri moja mayai yakaanza kubonyea. Hubonyea hivyo yakikaribia kuanguliwa, na hubonyea hivyo hivyo yakifa. Aliyatazama, akaona aibu: kumbe alikuwa ameyaachia mayai yamwamulie kama ampende au asimpende. Akachukua simu.

"Haloo," ilijibu sauti ya baridi, vifaranga wakilia nyuma yake. "Yameanguliwa?"

"Bado."

"Yameoza?"

"Sijui. Nakupigia kabla sijajua, usije ukasema nimekurudia kwa sababu ya nyoka. Nilikosa mimi. Nisamehe, mpenzi. Nyumba hii imenishinda."

Zilisikika punje zikimwagwa, vifaranga wakaacha kulia.

"Umekula?" aliuliza mwanamke.

"Sijala."

Jua halijazama, gauni la njano lilikuwa mlangoni. Alipita moja kwa moja hadi chumba cha nyuma, akaketi mbele ya mashine, mikono ameificha kwapani.

"Sigusi kitu," alisema.

Mwanamume aliutoa mkono mmoja kwapani, akaweka ufunguo kiganjani mwake. "Safari hii usiurudishe. Hamia hapa, uwe mke wangu. Kuku wako tutawatafutia nafasi uwanja wa mbele."

"Na haya yakiwa viza?"

"Tutayatupa wawili."

Mwanamke alilia, akaufumba mkono juu ya ufunguo, akasogeza kiti karibu naye.