Sura Iliyoshonwa

Mpwa alimkuta mjomba wake chini ya ngazi saa tisa na nusu alasiri. Kichwa kilikuwa kwenye kidato cha mwisho, na mkono wa kushoto ulikuwa umekumbatia kitabu. Hakupiga kelele. Alimgusa shingoni, akakosa mapigo, akawapigia simu polisi, kisha akaketi kando yake mpaka walipofika. Utulivu huo ndio uliomponza.

Marehemu alikuwa msomaji, na kusoma ndiko kulikompa jina. Kila Jumapili gazeti lilichapa maoni yake kuhusu riwaya tatu alizozisoma karibuni, na waandishi waliochanjwa na maoni hayo walimbatiza Wembe. Hakuwa na mke wala mtoto. Nyumba ingekwenda kwa mpwa, binti wa dada yake, aliyemlea tangu akiwa na meno ya utotoni.

Daktari alikuta kifungo cha shati kimeng'olewa na michubuko miwili kifuani. Mzee alikuwa amesukumwa, akaanguka kinyumenyume. Kuhusu saa ya kifo, daktari hakuthubutu kusema zaidi ya kwamba ilikuwa baada ya saa saba.

Koplo ndiye aliyeupunguza muda huo. Simu ya marehemu haikuonekana, lakini saa tisa kasoro dakika kumi maoni ya Jumapili yalitumwa kutoka simu hiyo kwenda kwa mhariri wa gazeti. Saa hiyo, basi, mzee alikuwa hai. Mhariri mwenyewe alikuwa mkutanoni tangu saa nane, mbele ya watu tisa. Mpwa aliondoka kazini saa nane, na hakuwa na wa kumshuhudia njiani. Mlango haukuvunjwa, na ufunguo wa pili alikuwa nao yeye.

"Afande, hapa tunatafuta nini tena?" Koplo aliuliza. "Asubuhi tumpeleke mahakamani, tulale."

Inspekta alikuwa mwanamke asiyependa kulalia jambo ambalo hajalikagua. Aliukagua mlango, akaona kwamba ukivutwa hujifunga wenyewe. Kutoka hakukuhitaji ufunguo. Kisha akavaa glavu na kukitazama kile kitabu. Kilikuwa riwaya ya taharuki. Kurasa za sura ya mwisho zilikuwa zimeshonwa pamoja ukingoni kwa uzi mweusi. Damu ilikuwa imetiririka juu ya uzi ule na kukaukia hapo, haikupenya ndani. Tundu za sindano zilikuwa mstari mmoja tu.

Akamwendea mpwa mahabusu, akamuuliza habari za uzi.

"Nimeshona mimi," mpwa alisema. "Kila riwaya ya taharuki ikija, mjomba hunipa niishone sura ya mwisho. Alisema macho yake yana wizi, yatachungulia. Anasoma mpaka kwenye uzi, ananitajia muuaji anayemdhania, ndipo anakata. Akikosea, anaosha vyombo wiki nzima."

"Safari hii alikutajia nani?"

"Hajanitajia." Akainamisha kichwa. "Tungezungumza jioni."

Inspekta akauliza kuhusu vitabu vingine viwili vya Jumapili hiyo. Cha fantasia, mpwa alisema, mjomba alikipenda mpaka akakichelewesha chakula; aliona mazimwi yake yana akili kuliko majirani. Cha kihistoria kilimnyima usingizi. Asubuhi ile, akinywa chai, alisema neno ambalo mpwa alilihesabu kuwa la uzee: kwamba kitabu hicho alikisoma kabla hakijaandikwa.

Inspekta alirudi ofisini, akayasoma maoni yaliyotumwa. Riwaya ya kihistoria ilisifiwa mistari kumi na miwili bila doa. Ya fantasia ilipewa mistari minne, na mazimwi yake yakaitwa vitisho vya watoto. Kuhusu ile ya taharuki, maoni yalimalizia hivi: *Kitabu kinasinzia katikati, lakini mwisho wake, pale hakimu anapotambua sauti ya mwanawe, ni kazi ya mkono wa fundi.*

Akayasoma mara ya pili, akamwita Koplo, na kesho yake alasiri wakaenda gazetini.

Mhariri aliwapokea vizuri, akaagiza viti, akamlilia marehemu kwa maneno yaliyopangika. Inspekta alimwacha amalize. Kisha akauliza kama riwaya ile ya taharuki inapatikana madukani.

"Bado, Inspekta. Inatoka mwezi ujao. Nahariri vitabu pia, na hiyo niliihariri mimi. Nakala ile nilimpelekea Wembe mwenyewe."

"Nani mwingine ameusoma mwisho wake?"

"Mwandishi, ambaye yuko masomoni ng'ambo. Mimi. Na Wembe, kama ulivyoona kwenye maoni."

"Wembe hakuusoma," Inspekta alisema, akamweleza habari za uzi, za damu iliyoukaukia na za mstari mmoja wa tundu, kwamba haukuwahi kukatwa ukashonwa upya. "Alikufa sura ikiwa imefungwa. Aliyeandika maoni haya anaujua mwisho, na alikuwa na simu yake. Wenzako wanakumbuka ulivyokuwa umeinamia simu mkutano mzima."

Mhariri alicheka kidogo. Alisema uzi si ushahidi, na kwamba mzee angeweza kusimuliwa mwisho ule na yeyote.

"Na yeyote huyo ni wewe," Inspekta akajibu. "Riwaya ya kihistoria ni ya nani?"

Jina la jaladani lilikuwa la kubuni. Koplo alikuwa ameshaulizia kwa mchapishaji, naye akamtaja Mhariri. Mhariri akasimulia kwa sauti ya chini. Miaka mingi nyuma, mwalimu mmoja wa kike alipeleka mswada. Wembe, wakati huo akiwasomea wachapishaji miswada, aliupendekeza. Mhariri, aliyekuwa akifanya kazi huko wakati ule, aliukataa, akauficha. Na mwalimu alipofariki, akautoa kama wake. Mchana wa siku ya kifo Wembe alimwita, akamwambia anamjua mwenye kitabu. Mhariri alimsihi, wakavutana juu ya ngazi, akamsukuma, akaondoka na simu yake.

"Ningenyamaza kuhusu ule mwisho, usingenipata," alisema.

"Nisingekupata leo. Kwa nini hukunyamaza?"

"Mwisho ule mwandishi alishindwa. Niliuandika mimi, wote. Miaka thelathini nasahihisha ya watu. Nilitaka angalau mara moja Wembe aseme ni mzuri."

Koplo akamfunga pingu.

Jua lilikuwa linazama Inspekta alipomfungulia mpwa mlango wa mahabusu na kumweleza yote, bila kupamba. Mpwa alisikiliza amesimama. Aliuliza jambo moja tu: mjomba alitaka nini kwa mtu yule, kama ushahidi alikuwa nao?

"Alimpa mpaka Jumapili akiri mwenyewe kwa hiari. Alisema si vizuri mtu aumbuliwe gazetini kabla hajapewa nafasi."

Mpwa alikaa kwenye benchi la mapokezi, na hapo ndipo machozi yalipomtoka.

"Wanasema Wembe," alisema. "Hakuwa na makali hata kidogo, yule mzee."