Mashine Ilisema Huenda

Kila Jumamosi mimi na mama hupanda kilima cha Croix-Rousse, hapa Lyon, Ufaransa, kwenda sokoni. Yeye hununua mboga. Mimi, Ombeline, hukusanya habari. Nani kamwacha nani, mbwa wa nani kamng'ata nani, nayajua yote kabla kikapu hakijajaa.

Jumamosi moja nilimkuta Basile, mwanafunzi mwenzangu, mbele ya meza ya Mzee Fulgence, muuza jibini.

"Mcheki alivyo na macho ya jambazi," Basile akaninong'oneza. "Mpige picha tumtafute."

Nilikuwa na programu ya kutafuta nyuso kwenye simu. Nikampiga picha kwa siri. Punde ikatokea picha ya mwizi wa benki anayesakwa na polisi wa nchi kadhaa. Kipara kilekile, pua ileile! Chini iliandikwa: "Huenda ni huyu. Asilimia 81."

"Ndiye!" nikasema, na papo hapo nikawatumia wenzetu wa darasa zima: "Muuza jibini ni mwizi anayesakwa!"

Kabla ya saa sita soko lote lilijua. Wateja wakamkimbia. Bwana mmoja akainamia bakuli la jibini jeupe, akatema. Niliona kohozi la kijani likiteleza juu ya jibini, likatulia kati ya majani ya vitunguu.

"Miaka thelathini na moja nawalisha," Mzee Fulgence alisema, "leo mnanitemea?"

Mama akafika. Kazi yake ni kulinganisha nyuso katika ofisi ya polisi wa kimataifa, hapa hapa Lyon. Nikampa simu, nikingoja sifa.

"Nani kakagua hii?"

"Mashine, mama."

"Mashine! Kwetu mashine hutoa wanaofanana tu. Kisha naangalia mimi, na mwenzangu naye anaangalia peke yake, bila kujua nimesema nini. Tusipokubaliana, jina halitoki. Hebu tazama masikio."

Nikatazama. Ndewe za mwizi, zile ncha laini za chini ya masikio, zilining'inia. Za Mzee Fulgence zilikuwa zimeshikana na shavu.

Mama alinipandisha juu ya kreti. "Jamani," nikasema huku nalia, "si yeye. Nimemsingizia. Nisamehe, Mzee."

Bi Josette, muuza maua, akamshika yule bwana mkono. "Haya, kaka, njoo umalizie bakuli lako! Au hupendi kiungo ulichotia?"

Watu wakaangua kicheko. Yule bwana akaomba radhi, na foleni ikarudi. Mimi na Basile tuliosha bakuli lile kwa mikono yetu. Kohozi likanata vidoleni.

"Na uso wangu, binti," Mzee Fulgence akauliza, "bado uko kwa hao watu wa programu?"

Mama akaniandikisha pale pale barua ya kutaka picha ifutwe. Jibu la kwamba imefutwa lilikuja baada ya wiki mbili. Lakini siku ile, tukiteremka kilima, nilisema yule bwana alinitia kinyaa.

"Yeye alitema mate ya pili," mama akajibu. "Ya kwanza yalitoka kinywani mwako, Ombeline, pale uliposoma 'huenda' ukasema 'ndiye'."