Bonyeza Umsikie

Fundi simu alifungua kibanda chake asubuhi, akapangusa meza, akawasha simu ya marehemu mdogo wake ili aandike salamu ya siku. Akakuta imeshaandikwa.

"Nimeamka salama. Nyie je?"

Akajicheka. Huenda aliandika jana usiku akasahau. Ni mtu ambaye huitafuta bisibisi nusu saa nzima na anayo mkononi, kwa hiyo maelezo hayo yalimtosha. Kilichomsumbua kidogo ni harufu. Simu ilinuka udongo mbichi, ule wa chini kabisa ambao haujawahi kuona jua. Akaifuta kwa spiriti, akaendelea na kazi.

Sasa tuseme ukweli kuhusu hizo salamu, maana yeye mwenyewe hakumwambia mtu.

Mdogo wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Masihara, alikuwa mtu wa vituko. Alijirekodi akiigiza mlevi anayegombana na nguzo ya umeme, au bibi harusi aliyebanwa na viatu, akaviweka mtandaoni, na watu elfu kumi na moja wakawa wanamfuata. Kisha homa ya siku nne ikamchukua. Hata baada ya kuzikwa, watu waliendelea kuingia kwenye ukurasa wake, wacheke kidogo, walie kidogo, waondoke. Simu yake ikabaki kwa kaka, kwa kuwa kaka ndiye fundi.

Miezi miwili baadaye fundi akasikia kwa mteja habari za wakala fulani wa matangazo. Unaweka matangazo yake kwenye ukurasa wako, na kila mtu akibonyeza, wewe unalipwa. Akaanza na ukurasa wake mwenyewe. Ulikuwa na marafiki arobaini, nusu yao wakiwa ni wateja wanaomuulizia simu zao. Haukuingiza hata hela ya chumvi. Ndipo jicho likamwendea kwenye simu ya marehemu.

Fomu ya wakala iliuliza mambo mawili. Je, wewe ndiye mwenye ukurasa? Je, unaandika kila siku? Fundi akajibu ndiyo, na ndiyo. Tangu hapo kila asubuhi akawa anaandika kwa jina la mdogo wake: Nipo. Msinichoke. Niko nanyi. Chini ya picha ya Masihara akapachika tangazo lenye maandishi aliyoyatunga mwenyewe: Bonyeza umsikie. Ukibonyeza unakutana na mafuta ya ngozi au mikopo ya haraka. Watu walisonya, wakarudi walikotoka.

Mama yake hakusonya. Fundi alikuwa amemuundia simu kwa vipuri, apate kuutazama uso wa mwanawe, na mama huyo, ambaye kusoma kwake kulikuwa kwa kubahatisha, aliyaelewa maneno hayo mawili vizuri sana. Alibonyeza, akangoja, akabonyeza tena. Wakala alimwonyesha fundi kila simu iliyobonyeza, na moja ilibonyeza mara sitini kwa siku. Aliitambua. Aliiunda kwa mikono yake.

Angeweza kumwambia siku hiyo hiyo. Aliahidi moyoni kwamba atamwambia mwisho wa mwezi. Mwezi ukaisha, akalipa pango la kibanda, akamnunulia mama blanketi zito la buluu, na alipomfunika nalo alitazama pembeni kwa aibu. Akaanza kutoka nyumbani mama hajaamka na kurudi akiwa ameshalala. Kukaa naye kukamshinda kabisa. Tangu mazishi hakuwahi kumuuliza hata kama amekula.

Siku aliyoikuta ile salamu, saa sita mchana, mkewe alikuja kibandani na tepu ya kupimia nguo ikiwa bado shingoni. Alikuwa mshonaji, alifanya kazi barazani kwao, na si mwanamke wa kukimbia ovyo barabarani.

"Funga twende," alisema kwa sauti ya chini.

"Kuna nini? Nina mteja hapa."

"Mama anaongea na simu."

"Si kawaida yake?"

"Leo inamjibu."

Fundi alitaka kucheka, akamtazama mkewe midomo, akaona inatetemeka. Akafunga kibanda bila hata kumrudishia mteja betri yake.

Nyumba ilikuwa kimya, kimya kile cha mchana wa jua kali ambapo hata kuku wamejikunyata kivulini, na walipovuka uani harufu ile ya udongo mbichi iliwapokea mlangoni kana kwamba mtu anachimba sebuleni, ikawasindikiza ukumbini mpaka kwenye pazia la chumba cha mama, ambapo walisimama bila kuthubutu kulisogeza, wakamsikia mama akinong'ona taratibu kama anayembembeleza mtoto, na baada ya mnong'ono wake wakasikia sauti nyingine, sauti ya Masihara isiyo na shaka, ila imekatwakatwa, kila neno likitoka peke yake na kungoja lenzake.

"Sisikii njaa, mwanangu," mama alikuwa akisema. "Tangu juzi sisikii njaa. Nitakuja. Lakini njia siijui."

"Nipo," ilijibu sauti. "Msinichoke. Niko. Njoo."

Yalikuwa maneno yake mwenyewe, isipokuwa lile la mwisho. Fundi aliyasikia moja moja na kulijua kila moja aliliandika asubuhi gani, akiwa amekaa wapi, akinywa chai. Mkewe ndiye aliyesogeza pazia.

Mama alikuwa kitandani, amekonda kiasi kwamba fundi alijiuliza ni lini alimtazama mara ya mwisho. Sahani ya jana ilikuwa chini, haijaguswa. Fundi akaipokonya simu, akafungua mgongo wake, akachomoa betri, akaitupa. Ile simu, ambayo hakuna anayeijua ndani kuliko yeye, haikuzimika. Uso wa mdogo wake ulibaki kwenye kioo ukitabasamu.

"Kaka," ilisema. "Kesho usiandike. Nitaandika mwenyewe."

"Nirudishie mtoto," mama alisema bila hasira. "Unamkatisha."

Fundi aliiacha simu ya mama kitandani, akatoka nje, akaitoa mfukoni simu ya marehemu, akafuta matangazo yote. Yakarudi. Akafuta salamu, akafuta video, akaufunga ukurasa mzima, na alipoufungua kuhakikisha akaukuta umejaa kuliko mwanzo, na chini ya picha, badala ya maneno yake, pameandikwa: Mama anakuja.

"Mwite yule mzee wa vioo," mkewe alisema.

Mzee wa vioo alikuwa mganga. Kibandani walimwita hivyo kwa sababu alivunja kioo cha simu mara tatu mwaka huo, kwa kuiweka mfuko mmoja na mawe yake ya kazi. Alikuja jioni hiyo hiyo, amevaa miwani iliyofungwa kwa uzi, akavua viatu, akaketi sakafuni karibu na kitanda. Hakupiga ngoma wala hakuchoma kitu. Aliinama tu juu ya simu, akauliza:

"Wewe ni nani?"

"Masihara."

"Masihara tumemzika. Nimekuuliza wewe."

Harufu ikazidi mpaka mke wa fundi akaziba pua kwa kanga. Kisha ikacheka, kicheko cha Masihara mwanzoni, halafu kikashuka, kikawa kizito, kikaendelea kushuka mpaka wakakihisi kwenye mbao za kitanda.

"Mimi sikuvunja mlango, mzee. Nilikuwa napita. Nikasikia mtu anaitwa kila asubuhi, kwa jina lake, na anajibiwa nipo, na hakuna aliyepo. Nikaona nafasi iko wazi. Nikakaa."

Mganga akavua miwani. Akamshika fundi mkono, wakatoka hadi ukumbini.

"Nani alikuwa anaandika?"

Fundi akaitoa simu ya marehemu, akamwekea mkononi.

"Mimi nafukuza majini yanayovamia," mganga alisema. "Hili limekaribishwa. Linakaa kwa sababu mama yako anaamini ni mwanawe. Kamwambie ukweli wote, liwepo linasikia. Akiacha kuamini, halina pa kukaa."

"Itamuua, mzee. Atakuwa amefiwa mara mbili."

"Na ukinyamaza?"

"Mzee, mwambie wewe. Nakuomba. Wewe una maneno."

"Mimi sikuandika."

Fundi alirudi chumbani, akapiga magoti kando ya kitanda. Alianza kwa kuzunguka, mara pango la kibanda, mara kazi ngumu, mpaka mkewe akamgusa bega, naye akayatoa yote.

"Mama, si yeye. Zile salamu niliandika mimi. Lile tangazo niliweka mimi. Kila ulipobonyeza, mimi nililipwa. Nilijua ni wewe. Nilijua, mama, nikaacha uendelee. Hilo blanketi nimelinunua kwa kidole chako."

"Muongo," ilisema simu, kwa sauti tamu kabisa. "Mama, ananionea wivu. Tangu tukiwa wadogo."

Mama alimgeukia mwanawe mkubwa, akasema taratibu:

"Moyo ulikuwa unanikatalia. Mzazi asimjue wake? Lakini huyu alikuwa ananiuliza kama nimeamka salama. Wewe hata mlango wangu ulikuwa unaupita kwa kunyata. Nilikuwa nakusikia. Nikimfukuza huyu, nani atazungumza na mimi?"

"Mimi, mama."

"Wewe."

"Mimi. Kila siku."

Mama akaichukua simu, akaipangusa kioo kwa pembe ya blanketi, akautazama ule uso kwa mara ya mwisho. "Mwanangu amekufa," aliuambia. "Toka."

Hapo kitanda kilitikisika, sahani ikapasuka katikati, na kitu kikapita ukumbini kwa kishindo kikikwaruza ukuta kwa mkono mmoja, kikakata uani ambako kuku wote waliruka kwa pamoja, kikaenda, kikaenda. Kioo cha simu kikawa cheusi. Harufu ikaondoka polepole. Mama akaanza kulia, kilio ambacho hakukilia siku ya mazishi, na fundi akalia naye.

Mganga alipokuwa anavaa viatu alitoa agizo moja, akawaambia wote watatu.

"Limeijua nyumba hii, litajaribu tena. Litaiga sauti, litaiga kikohozi. Lakini kosa la mtu haliwezi kulitamka. Kwa hiyo, mama, mtu akisimama mlangoni pako, muulize ni nani, na usimpe nafasi mpaka ataje alichokosa."

Ikawa ndiyo desturi yao. Kila siku saa sita fundi alifunga kibanda, akaja na chakula, akasimama nyuma ya pazia. Mama aliuliza, "Nani huyo?" Naye alijibu, "Ni mimi, mkubwa wako, niliyeandika kwa jina la marehemu na kukulipisha machozi yako." Siku za mwanzo aliyaanza mara mbili tatu kabla ya kuyamaliza. Baadaye yalitoka, ila hayakuwa mepesi. Ndipo mama alipojisogeza ukutani, akampa nafasi kitandani, wakala, wakaongea. Mwili wake ulianza kurudi. Siku moja hata alimcheka fundi kwa namna anavyotafuna.

Mwezi wa tatu wa desturi hiyo, mteja mmoja mbishi alimchelewesha. Simu ilikuwa imeingia maji, mwenyewe anaapa haijawahi kuona hata umande, wakabishana mpaka saa saba kasoro. Fundi akafika nyumbani jasho linamtiririka, sahani mkononi. Mkewe alikuwa amekwenda kupeleka nguo za watu. Alipokuwa anavuka uani akamsikia mama chumbani.

"Nani huyo?"

Fundi akafungua kinywa ajibu. Akajibiwa.

"Ni mimi, mkubwa wako."

Ilikuwa sauti yake. Ilikuwa na mafua yake ya wiki ile, na kule kuhema kwake kwa mtu aliyetembea haraka juani, na fundi akasimama pale pale uani akijisikia akisema ndani ya nyumba ambayo hajaingia, huku harufu ya udongo mbichi ikitoka taratibu mlangoni na kumfikia miguuni.

"Haya, malizia," mama alisema.

Ile sauti ikakohoa kwa kikohozi chake.

"Ni mimi, mama. Mkubwa wako. Nisogezee."

"Malizia, mwanangu," mama alisema, na safari hii sauti yake ilikuwa na hofu.

Fundi hakungoja kufika kwenye pazia. Aliyasema yale maneno palepale uani, kwa sauti kubwa, yote, majirani wakichungulia madirishani na mtu mmoja barabarani akisimama kusikiliza. Aliyarudia mara ya pili na mara ya tatu, mpaka aliposikia kitanda cha mama kikilia, naye mama anajisogeza ukutani kumpa yeye nafasi.